Daftari la Wino

Julai, Nkuhungu. Upepo umeamka kabla ya jogoo,
umechota vumbi jekundu huko Mlimwa
unakuja kulimwaga vizimbani mwangu.
Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Majivu mapajani, kitana cha chuma mkononi,
kile nilichomnunulia Nyemo
kabla hajaenda bweni Mpwapwa wakamnyoa kipara.

Nachana kufuata ulalo, si kinyume.
Kidole kwanza, kitana baadaye:
nyuma ya masikio, kwapani, tumboni
ambako manyoya husokotana na mabua
yakawa fundo, na fundo likavuta ngozi.
Usikate kwa haraka. Ngozi ya sungura ni karatasi ya sigara.
Shika shina la fundo, fumua ncha,
kama unavyomfumua mtoto msuko wa wiki tatu
huku unamdanganya kwamba umebaki mmoja tu.

Paka hutapika manyoya yake.
Sungura hajui kutapika;
alichokilamba kitamkaa tumboni
kama neno lililomezwa harusini.

Wino ni yule, dume mweusi,
nilimbeba kwenye kikapu kutoka Kongwa mwaka wa mvua nyingi.
Daftari linasema:
Wino kwa Unga, saba.
Wino kwa Majivu, binti yake, sita.
Wino kwa Kivumbi, binti wa Majivu, watano,
na manyoya, jamani, manyoya
marefu kama ndevu za mahindi,
ukizamisha vidole huvioni.

Jumapili shemeji Yeriko alikuja na mambo ya ukoo.
Binti yake kaposwa, mposaji wa Hombolo.
Tukahesabu bibi kwa bibi,
nani mwiko wake nini, nani katoka nyumba ipi,
kwenye bibi wa tano tukagonga mtu mmoja.
Posa ikalala.
Akalichukua daftari langu mezani, akasoma,
akalifunga upesi
kama aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu.
"Shemeji, huyu Wino wako,
angekuwa mtu tungemtoza ng'ombe wangapi?"
Nikacheka. Nikamwambia huku kwetu ni kushika damu,
unairudisha kwa babu ili isikimbie.
Akasema, "Hata maji ya bwawa hayakimbii,"
akaomba chai.

Damu nzito kuliko maji, sawa.
Ila ikizidi uzito, inaganda.

Kati ya watano wa Kivumbi, mmoja hali chakula.
Nimemshika kichwa, nimeinua mdomo kwa dole gumba:
meno ya juu na ya chini yamepishana
kama majirani waliogombania mpaka.
Na meno ya sungura hayajui kuacha kukua.
Bwana mifugo atayapunguza, elfu tano kila akija,
na atakuja mpaka nichoke mimi au achoke mnyama.
Lakini manyoya yake!
Hata Wino katika ujana wake hakuwa hivi.
Hapo ndipo paliponikalia vibaya:
kizuri na kibaya vimeshikana shina moja,
na sijui pa kuingiza kitana.

Jumanne naenda Kondoa, kwa mama Damari.
Ana dume la kahawia, manyoya mafupi, sikio moja limeliwa na panya,
ila meno yamekaa kama punje kwenye gunzi.
Masista wanaosokota watalalamika sufu imekuwa fupi.
Walalamike.
Nimeandika kwa kalamu nyekundu: Wino apumzike.
Na kwa yule mdogo, mahali pa jina,
nimeandika: asizalishwe.
Halafu nikakaa na kalamu mkononi,
maana hilo si jina.

Nimemkatakatia mchicha hadi ukawa kama tumbaku,
nimempakata, nimeanza kumchana.
Upepo unayapokea yanayotoka kabla hayajafika chini,
unayatundika kwenye miba ya ua wa jirani.
Shomoro wawili wanayagombania.
Nachana. Hapa chini ya kidevu, kwenye mate, pana fundo.
Tulia mama. Ni moja tu limebaki.